Chungu cha Mbaazi na Orodha Mbili

Jumatatu, 9 Septemba

Nimepata kazi. Peris amenipigia asubuhi, mikono yangu imejaa unga, akaniambia kuna riwaya inataka jicho langu. Peris ni mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu kule Farringdon, hapa London, Mkenya asiyezunguka maneno, na mimi ndiye mhakiki anayemkimbilia akishachoka na waandishi wake.

"Suad, hii ni historical novel ya Wakajuni," akasema. "Unawajua?"

Nikamwambia nitawajua ikifika Ijumaa.

Wakajuni, kwa atakayelisoma daftari hili nikishakufa, ni watu wa Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazee wao walikuwa Wafaransa waliolowea Akadia, upande wa Kanada, mpaka Waingereza walipowafukuza mwaka 1755 na kuwatawanya. Baadhi yao walihangaika miaka mingi, wakaishia kwenye vinamasi vya Louisiana. Mwandishi wa riwaya, Leonard, ni mjukuu wao. Ana miaka sabini na moja na anakaa Walthamstow. Kazi yangu ni kupitia kurasa mia tatu na kumsaidia kuandaa maelezo ya mwisho wa kitabu, orodha mbili: ya mambo ya kweli na ya mambo aliyoyabuni. Kitabu kinakwenda kupigwa chapa tarehe 29 Novemba.

Nimemweleza Mama wakati wa chakula cha mchana. Akasema, "Watu walofukuzwa kwao. Sasa hao wana jipya gani la kukufundisha weye?"

Alhamisi, 12 Septemba

Harusi ya mwaka 1790, sura ya tano, inapigwa kodiani. Kodiani yenyewe ilikuwa haijaundwa popote duniani. Nimeandika pembeni: fidla. Mama kaniambia harusi bila kodiani ni kama khitma.

Jumamosi, 21 Septemba

Harusi Hayes. Mama goti linamuuma, hakwenda. Nimekwenda na binti yangu Afnan, treni moja tu kutoka Ilford, hata kubadilisha hubadilishi. Bwana mmoja anayeitwa Ziyad, anayefanya kazi kwenye maghala ya uwanja wa ndege, kaniuliza tena kama Bi Zahra, yaani Mama, hajambo. Kila nikimwona huniuliza hilo. Nikamwambia, goti.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimesoma kurasa kumi na mbili za kuchinja nguruwe kabla sijanywa chai. Majirani wote hukusanyika, kila nyumba huondoka na fungu lake. Yote yamethibitika. Mungu anajua nilikuwa kazini.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimekwenda Walthamstow kuonana na Leonard. Nilipitia sokoni kwanza, nikamnunulia bamia, maana sura nzima ya riwaya yake inahusu mchuzi wa bamia na nilitaka kumwambia kwa adabu kwamba bamia walikwenda nazo Waafrika. Alinijibu analijua hilo, na limo ukurasa wa 112. Nilikuwa sijafika.

Ni mtu mrefu, mpole, mwalimu wa muziki aliyestaafu, na anazungumza polepole mpaka unatamani kummalizia sentensi. Tulizungumza Kiingereza, hapa naandika kwa lugha yangu. Nilipomwonyesha ile kodiani alicheka, akaifuta mwenyewe. Kisha tukafika kwenye kamba. Sura ya pili inasema kamba koche wa Akadia waliwapenda watu wao hata wakaogelea kuwafuata mpaka Louisiana, na kwa uchovu wa safari wakapungua miili, wakawa wale vikamba vidogo wa matopeni wanaoliwa huko leo.

"Hii tuiweke orodha ipi?" nikamuuliza.

"Bibi yangu alituambia ni kweli."

"Aliwaona?"

"Hakuwaona. Mimi niliamini mpaka nilipofika miaka tisa. Siku niliyoambiwa si kweli, nililia."

Nikaiandika kwa penseli ya kawaida. Nina penseli tatu: kijani kwa lililothibitika, nyekundu kwa lililobuniwa, na ya kawaida kwa lile ambalo bado. Jambo halipati kijani mpaka liwe na vyanzo viwili visivyojuana. Hiyo ndiyo sheria yangu mwaka wa kumi na tisa huu, na imewaudhi waandishi wengi.

Leo imemuudhi Leonard. Ameandika kwamba mama yake alipigishwa magoti juu ya punje za mahindi kwa kosa la kusema Kifaransa shuleni. Kwamba watoto wa Kikajuni waliadhibiwa kwa lugha yao, hilo nimelithibitisha. Kwamba mama yake alikuwa mmoja wao, chanzo ni Leonard peke yake. Nilipomwambia hivyo aliinuka kwenda kuongeza maji kwenye birika lililokuwa limejaa.

Nilijisikia vibaya. Nadhani ndiyo maana aliporudi na kuniuliza, "Na kwenu mliondokaje?" nilimsimulia kisa chetu chote, bila kubania.

Nakiandika hapa kama tunavyokisema nyumbani. Mwaka 1967, Unguja, miaka mitatu baada ya Mapinduzi, watu wetu walikuwa hawapewi ruhusa ya kusafiri. Mama alikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo walitoka saa mbili asubuhi, mchana kweupe, babu, bibi na Mama, wamevaa kama waendao harusini shamba. Chungu cha mbaazi wakakiacha mekoni. Jioni watu wa kamati ya mtaa walipokuja kuuliza, walikuta chungu kinachemka. Wakasema wenyewe hawako mbali, wakakaa uani kuwasubiri. Walipokuja kugutuka, wetu wameshavuka zamani.

Leonard aliniuliza mbaazi ni nini, akaandika kwenye kijitabu chake. Sikulitilia maanani.

Jumapili, 13 Oktoba

Khitma Hayes. Mama, goti. Ziyad kanipa sahani ya haluwa, "mpelekee Bi Zahra." Imekaa juu ya friji. Mama anapenda haluwa kuliko mimi mwanawe, na hii hajaigusa.

Jumanne, 22 Oktoba

Leonard ameleta sura mpya ya tatu. Akadia, 1755. Askari wa Kiingereza wanaingia nyumba ya familia iliyokwisha kuondoka, na jikoni wanakuta chungu cha njegere kinachemka. Wanakaa kusubiri wenyewe warudi.

Nimesoma mara tatu. Kwenye orodha yake ya mambo ya kweli ameongeza kwa mkono wake: chungu jikoni.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na Mama analalamika kwamba swala zinamfuata mbiombio. Haluwa Afnan kaimaliza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimempigia Leonard. Nilikuwa nimejiandaa kumkaripia, na nimemkaripia.

"Lakini ni kweli, Suad," akasema. "Wewe uliniambia."

"Ni kweli ya Unguja. Si kweli ya Akadia. Wanaume wao walifungiwa kanisani mwezi wa Septemba, meli zikaondoka nao baada ya mwezi na zaidi. Wanawake walikuwa na wiki nzima nzima za kufunga mizigo. Hakuna aliyesahau chungu."

Kisha akaniambia kitu ambacho kimenipunguza hasira. Akasema amesoma kila karatasi iliyobaki kuhusu kufukuzwa kwao. Ameona majina, idadi ya ng'ombe, idadi ya meli. Hajaona hata mahali pamoja mtu akifanya jambo jikoni. Nilipomsimulia chungu, ndipo kwa mara ya kwanza aliwaona watu wake wakiwa ndani ya nyumba zao.

"Nikitoe?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 4 Novemba

Leonard ameandika barua pepe. Anapendekeza chungu kibaki kwenye riwaya, lakini kwenye maelezo ya mwisho aseme wazi: kimetoka kwenye kisa cha kweli cha Bi Zahra wa Zanzibar, aliyeiacha nyumba yake na chungu kikichemka hadi jioni. Jina la Mama kwenye kitabu, chini ya neno Kweli. Nimeona ni heshima. Peris naye kasema, "That's fair. Lakini uverify kama zile zingine, sawa? Usiniletee special treatment."

Hakuna tabu, nikamwambia. Chanzo nnaishi nacho nyumba moja.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekaa kitandani na daftari na sijui nianzie wapi.

Mchana Mama alikuwa jikoni akichambua mbaazi za kesho. Afnan alikuwa mezani na kazi yake ya shule. Nikaona ndiyo nafasi. Nilianza kwa swali dogo, kama nnavyoanza na kila mtu, swali la kumzoesha msimulizi kujibu.

"Mama, mbaazi ukiziacha kwenye kuni, zinachemka muda gani bila ya mtu kuzishughulikia?"

"Kwa kuni? Nusu saa. Ukipata kuni za mkarafuu, saa nzima. Kisha moto unalala."

"Kwa hiyo mtu akitoka saa mbili asubuhi…"

"Saa nne chungu kishapoa. Mbaazi zataka mtu, mwanangu. Kila saa usogeze kuni, uongeze maji, la sivyo zinaganda chini."

Aliyenijibu ni mpishi aliyemo ndani yake. Mwenye kisa alichelewa kufika. Niliona vidole vyake vimesimama juu ya sinia, na mbaazi moja mbovu imebaki baina ya kidole na kidole.

Afnan aliinua kichwa. Kisa hiki anakijua tangu mdogo, amekisimulia shuleni zaidi ya mara moja. Anaelewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote. Akasema, "Wait. So who kept the fire going, Bibi?"

Mama aliiweka ile mbaazi pembeni. Akajifuta mikono kwa kanga, taratibu, kila kidole.

"Goti linaniuma," akasema, akapanda juu.

Mimi ni mtu ninayelipwa kuuliza. Nimewauliza wenye digrii na wenye vyeo, wengine wakanikatia simu. Kisa hiki nimekibeba miaka yote na sikuwahi kukiuliza swali moja. Nani alichochea moto? Na nani aliwaambia wao, waliokwisha vuka, kwamba jioni chungu kilikuwa bado kinachemka? Kina chanzo kimoja, na chanzo chenyewe kinaumwa goti.

Jumatatu, 11 Novemba

Mama kaninunia. Anamsemesha Afnan, anaisemesha redio.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua. Peris anauliza maelezo yamefika wapi. Nikamwambia umebaki mstari mmoja. "Mstari mmoja tu? Si umalize." Nikamwambia nitamaliza.

Jumapili, 17 Novemba

Mama ameniita baada ya magharibi, ambayo siku hizi ni saa kumi na robo. Nilimkuta bado kwenye mswala. Akaniambia niite na Afnan. Nikasema Afnan mdogo. Akasema, "Yeye ndiye alouliza. Mwite."

Nayaandika maneno yake kadiri nilivyoyashika.

"Alikuwepo Haifa," akasema. "Haifa binti Munir, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mamake alikufa akimzaa, mama yangu akamnyonyesha pamoja na mie. Ndugu yangu wa ziwa. Tukilala kitanda kimoja, tukisukana, shule moja. Mwaka ule alikuwa kakubaliwa chuo cha ualimu, katushinda wote.

"Baba alisema tukitoka nyumba ikawa kimya, saa tano watajua. Moshi lazima upande. Sauti ya mtu isikike uani. Na Haifa hatoweza kuja, mwenye boti kakubali watu watatu, basi. Baba akasema mwambieni. Mama hakuweza. Mie nikasema nitamwambia, mie ataniamini.

"Nikamwambia twenda harusini shamba. Nikamwambia, Haifa, jioni tutarudi, nichochelee mbaazi zisiungue. Akasema haya."

Afnan alikuwa ameshika mkono wa bibi yake. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo, na sikuwa na mahali pa kutazama.

"Kachochea kutwa," Mama akasema. "Walipokuja, kawaambia wamekwenda harusini, watarudi, chungu si hicho. Nao wakakaa. Usiku ulipoingia wakamchukua yeye. Siku kumi na moja walimweka. Hawakumpiga, walimuuliza tu, mtu yuleyule, jambo lilelile. Alipotoka, chuo kishajaza nafasi yake. Khabari hizi alituletea shangazi, sisi tuko Mombasa, miezi minne baadaye."

"Na kwa nini hukututajia?" nikauliza. Sauti ilinitoka kavu kuliko nilivyotaka.

"Mara ya kwanza kukisimulia kisa, Mombasa, watu walikuwa wengi sebuleni. Nikafika kwenye chungu. Nikataka kusema Haifa. Watu wakacheka kwa vile wale walivyokaa kusubiri, wakacheka sana, nami nikaona nikimtaja watanyamaza. Nikampita. Nikasema nitamtaja mara ya pili." Akaukunja mswala. "Mwanawe Haifa yuko Hayes. Nnajua miaka tisa sasa. Yule Ziyad."

Nikaikumbuka ile sahani ya haluwa juu ya friji.

Leonard aliniambia mwezi uliopita kwamba kwao kuna waganga wa dua ambao mgonjwa akishapona haruhusiwi kuwaambia asante, kwani ukishukuru dawa inatanguka. Nililithibitisha, lina vyanzo vitatu. Nilipomsimulia Mama usiku huohuo alicheka. Leo alilikumbuka mwenyewe.

"Basi mie nimeishika desturi yao bila ya kujua," akasema. "Sijamshukuru hata siku moja."

Nimemkasirikia mama yangu. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nimemkasirikia na nikampikia uji, vyote kwa saa moja.

Jumatano, 20 Novemba

Mama ameniruhusu nimwambie Leonard, lakini bila jina. "Jina si langu la kutoa." Leonard alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwa hiyo kwenye sura yangu jikoni kuna mtu, nami nimeingia na kutoka sikumwona." Ananiomba siku mbili.

Kuhusu mama yake na mahindi, nimempendekezea orodha ya tatu, ya mambo tuliyoambiwa na waliotupenda. Kamba koche nao wakae humo. Akasema Peris hatakubali. Nikamwambia Peris niachie mimi.

Ijumaa, 22 Novemba

Sura imefika. Msichana, umri wa miaka kumi na tisa, anaamini wenzake watarudi jioni. Anasogeza kuni, anaongeza maji. Jua likishuka anatambua ameachwa, na anajiinamia kando ya chungu akilia mpaka askari wanaingia. Imeandikwa vizuri. Nililia na mimi, nikakasirika tena.

Jumapili, 24 Novemba

Mama aliamka alfajiri akapika mbaazi. Nilidhani ni za kwetu. Saa nne nikamkuta kavaa buibui, sufuria kaifunga kwa kanga ya kisutu, mafundo mawili.

"Treni ya Hayes saa ngapi?"

Upepo ulikuwa mkali mpaka ukatutoa machozi stesheni. Ndani ya treni aliipakata sufuria safari nzima, na harufu ya tui ikaenea behewa zima. Afnan, ambaye siku nyingine angehamia kiti cha mbali, alikaa ubavuni pake. Tulipofika Paddington Mama akasema, "Akikataa kunisemesha, sufuria tunamwachia mwanawe, tunarudi."

Ziyad alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama Mama, akaitazama sufuria.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Miaka tisa alikuwa akimwita Bi Zahra. Mama aliitika marahaba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia.

Ziyad akampigia mama yake simu ya video. Haifa yuko Unguja, mtaa uleule. Uso mwembamba, miwani, pazia la maua nyuma yake.

"Umezeeka," Haifa akasema.

"Na weye."

Kisha Mama akaanza. Alisema yote, moja moja: boti, babu, harusi ya uongo, jioni tutarudi. Haifa hakumsaidia wala hakumzuia. Mama alipomaliza, akauliza, "Ushamaliza?"

"Nshamaliza. Nilikudanganya, Haifa."

"Ulinidanganya nini, bibi weye? Nani huenda harusini kavaa nguo mbili juu kwa juu, na jua lile? Na mamako siku ile alinisuka, mkono wake hautaki kuniachia nywele. Na weye uliniaga mara tatu. Mtu wa kurudi jioni haagi mara tatu."

Mama alishika ukingo wa meza.

"Ulijua?"

"Nilijua kabla hujafungua mdomo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, usingekwenda."

Mimi nilikuwa nimeshika penseli, sijui hata niliitoa saa ngapi.

"Zile siku kumi na moja nishasamehe," Haifa akaendelea. "Nilitaka wasifike bandarini, na hawakufika. Chuo nilikikosa, nikauza maandazi miaka saba, kisha nikakipata, nikasomesha mpaka nikastaafu. Hayo yangu mie na Mola wangu. Lakini miaka khamsini na saba, Zahra. Barua moja? Kadi ya Idi? Mie nakaa nasema labda kafa. Kisha Ziyad ananambia yuko, anakwenda kwenye maduka ya Ilford, anachagua maembe."

Mama alilia. Hakujificha wala hakusingizia kitu. "Niliona haya," akasema. "Kila mwaka haya ilizidi, na kila mwaka barua ilizidi urefu."

"Ungeandika fupi."

Ndipo nikamweleza habari ya kitabu, na nikamsomea sura ya Leonard, nikiigeuza kwa Kiswahili papo hapo. Alisikiliza kwa makini ya mwalimu. Nilipofika msichana anapojiinamia na kulia, aliinua kidole.

"Simama hapo. Huyo anamlia nani?"

"Anaona ameachwa."

"Mie sikulia. Mwambie huyo mzungu wako. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi, na ningelia wangejua kuna jambo. Nilikaa juu ya kibao nikazila zile mbaazi. Walipoingia, walinikuta natafuna." Akamgeukia Mama. "Na tui mlikuwa hamjatia."

Mama alifungua mafundo ya kanga, akaiinua sufuria mpaka usawa wa simu.

"Leo nimetia," akasema.

Haifa aliitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Na mie nitazionja vipi huku?"

"Mpe Ziyad," Haifa akajijibu mwenyewe. "Ziyad, kula nikuone."

Ziyad, mtu mzima wa miaka arubaini na kitu, alikaa mbele ya simu akala mbaazi, kijiko baada ya kijiko, na wale wazee wawili wakamtazama. Mwishoni Haifa akauliza, "Chumvi?" Ziyad akasema iko sawa.

Kuhusu jina lake, Haifa alisema liandikwe, na la babake pia.

Jumatatu, 25 Novemba

Mama kaamka goti linamuuma, safari hii kweli, kwa baridi ya stesheni. Kalala na chupa ya maji moto, na tangu asubuhi anazungumza na Unguja. Nimemsikia akigombana kuhusu nani aliyevunja bakuli la mama yao mwaka 1959.

Maelezo nimeyamaliza. Orodha ni tatu, Peris ameguna na kukubali. Chungu kimekwenda kwenye mambo ya kubuni, maana Akadia hakikuwepo, na chini yake kuna mstari mmoja: kilikuwepo Unguja, na moto wake ulichochewa na Haifa binti Munir. Nimeuwekea kijani. Vyanzo ni viwili, na vinajuana tangu kunyonya. Sheria yangu nimeivunja kwa mkono wangu.

Kisha nikamwandikia Leonard sahihisho la mwisho: Ukurasa wa 41. Msichana anajua. Halii. Anakula.